Ratiba ya Chaki: Historia ya Kurekodi Mjini Goma

Deki iliyounganisha DVD na diski ngumu haikudumu sana sokoni. Ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Japani, Ulaya na Marekani, na baada ya muongo mmoja tu maduka yalikuwa yanaiondoa rafuni. Kwa muda huo mfupi ilimfanyia mwenye nyumba kazi tatu kwa mpigo. Ilimwonyesha kwenye kioo cha televisheni ratiba ya vipindi vya siku zijazo. Ilimruhusu achague kipindi kwa rimoti, kikarekodiwa hata akiwa kazini au amelala. Kisha ilimtunzia kipindi hicho kwenye diski hadi apate nafasi, au akihamishie kwenye DVD ampe jirani. Ni rahisi kusema kwamba miji kama Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, iliiruka hatua hiyo, ikatoka kwenye kaseti za vidio ikaangukia moja kwa moja kwenye simu. Hoja ya makala hii ni kwamba Goma haikuruka kitu. Kujua kinachokuja, kukihifadhi na kukiangalia baadaye ni kazi zilizofanyika mjini humo miaka yote hiyo. Zilifanywa na watu: wenye vibanda vya vidio, wachoma diski na wajaza fulashi. Anayetafuta historia ya kurekodi mjini Goma asiitafute kwenye sebule, aitafute sokoni.

Kwanza tuitazame mashine yenyewe. Mtu kuweza kurekodi televisheni nyumbani kulienea na kaseti: Sony walitoa Betamax mwaka 1975, JVC wakafuata na VHS mwaka 1976. Kuitegesha deki ya kaseti kulikuwa na usumbufu wake. Ulitakiwa kuingiza chaneli, tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ukikosea tarakimu moja unarudi jioni kukuta umerekodi mahubiri badala ya mpira. Mwaka 1990 kampuni ya Gemstar ya Marekani ikaleta mfumo wa VCR Plus+, ambapo magazeti yalichapisha namba maalumu kando ya kila kipindi na mtazamaji akaiingiza namba hiyo tu. Mwaka 1999 zikaja TiVo na ReplayTV, zilizorekodi kwenye diski ngumu na kuipokea ratiba kupitia waya wa simu. Deki za DVD na diski ngumu zilizouzwa Ulaya nyingi zilitumia huduma ya GUIDE Plus+: data za ratiba zilisafiri pamoja na mawimbi ya stesheni fulani iliyochaguliwa, zikiwa zimefichwa kwenye mistari ya picha ambayo macho hayaioni. Mashine ilizidaka usiku, wenyewe wakiwa wamelala. Ukiichomoa ukutani kabla ya kulala, asubuhi ratiba inakuwa na mapengo.

Jambo hilo dogo ndilo linalobeba hoja nzima. Ratiba iliyoonekana kwenye kioo haikuwa ndani ya mashine. Nyuma yake kulikuwa na stesheni iliyopanga vipindi vyake wiki nzima kabla na kuutimiza mpango huo, kampuni iliyoukusanya na kuutuma, na umeme uliokuwepo usiku kucha ili mashine iupokee. Mnunuzi alidhani amenunua chombo, kumbe amejiunga na mtandao wa watu asiowaona. Ushahidi ni yaliyotokea baadaye. Matangazo ya analogi yalipozimwa na makampuni yakaacha kutuma data, ratiba zilibaki tupu hata katika nyumba za Ulaya na Marekani, na deki nzima nzima zikageuka kuwa za kutegeshwa kwa mkono kama zile za miaka ya 1980. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu Goma si kama mashine ilifika. Mji wa biashara wenye wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na ndugu walioko Brussels hauwezi kukosa mashine. La kuuliza ni nani angeilisha ratiba.

Congo haikuwa sehemu ya huduma hizo za ratiba, na vikwazo havikuishia hapo. Zaïre, kama Congo ilivyoitwa zamani, ilitumia mfumo wa rangi wa SECAM, uliotumiwa pia Ufaransa, huku Uganda, Kenya na Tanzania zikitumia PAL. Mashine isiyojua mifumo yote miwili ilirekodi picha isiyo na rangi. Diski nazo zilikuwa na mipaka yao, kwa kuwa watengenezaji wa DVD waliigawa dunia kwa kanda: Ulaya Magharibi kanda ya 2, sehemu kubwa ya Afrika kanda ya 5, China kanda ya 6. Juu ya hayo kulikuwa na suala la saa. Congo ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya kimataifa ya Greenwich, na Goma, kama Lubumbashi, iko saa mbili mbele. Taarifa ya habari inayotangazwa kuwa ya 20:00 kutoka makao makuu inamfikia mtu wa Goma 21:00. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ziko saa moja mbele ya Goma. Johannesburg iko sawa nayo. Paris iko sawa nayo majira ya joto, na majira ya baridi inabaki nyuma kwa saa moja. Mtu aliyekaa mtaa wa Himbi au Katindo, mwenye dishi linalonasa chaneli za pande zote hizo, alihitaji akili ya kukokotoa kabla hajahitaji mashine ya kurekodi.

Kisha kuna umeme. Kwa miaka mingi Goma ilitegemea umeme wa shirika la SNEL uliotoka upande wa Bukavu, kwenye mitambo ya mto Ruzizi: Ruzizi I iliyojengwa mwishoni mwa enzi ya ukoloni, na Ruzizi II iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mitambo hiyo ilihudumia miji iliyozidi kukua katika nchi tatu, na matokeo yake yalikuwa mgao ambao wakazi wa Goma wanauita delestaji: mtaa mmoja leo, mwingine kesho, na wakati mwingine hakuna anayejua zamu ni ya nani. Mtambo wa Matebe, wilayani Rutshuru, uliozinduliwa Desemba 2015 ukiwa na uwezo wa takriban megawati 13, ulianza kuibadili hali hiyo kwa wenye uwezo wa kununua umeme wa mita za kulipia kabla. Lakini wakati huo deki ya diski ngumu ilikuwa imeshapitwa duniani kote. Katika miaka ambayo ingefaa, delestaji ilikuwa adui yake mkubwa. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kipindi kimekwenda. Ukirudi, saa ya mashine inaweza kuwa imepotea na maagizo yote ya kurekodi pamoja nayo. Na diski inayozunguka kwa kasi haipendi kuzimwa ghafla. Mashine iliyobuniwa isubiri usiku kucha ikiwa imechomekwa haikuwa na usiku wa kusubiria.

Hata umeme ungekuwepo, ratiba yenyewe ilihitaji utulivu wa kisiasa ambao mji haukuupata. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966, na kwa miaka mingi ilikuwa sauti ya dola peke yake. Sheria ya tarehe 22 Juni 1996 ndiyo iliyoweka utaratibu wa uhuru wa vyombo vya habari na kutoa nafasi kwa stesheni binafsi. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa AFDL. Agosti 1998 ukazuka uasi wa RCD, na hadi 2003 mji ulitawaliwa na kundi lililopigana na serikali ya Kinshasa, kiasi kwamba ratiba ya makao makuu ilikuwa ratiba ya upande wa pili wa vita. Waasi wa M23 waliuchukua mji Novemba 2012 kwa siku zisizofika wiki mbili, wakaurudia Januari 2025, na safari hiyo umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Ratiba ya vipindi ni ahadi kwamba Alhamisi ijayo itafanana na Alhamisi hii. Si ajabu kwamba chombo kilichoshika zaidi katika miaka hiyo kilikuwa redio. Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle Februari 2002, ilisikika kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, kwa betri mbili tu.

Hapo ndipo kibanda cha vidio kilipochukua nafasi. Mpangilio wake unajulikana kwa yeyote aliyekulia Afrika Mashariki au Congo ya mashariki: chumba cha mbao au matofali, mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni iliyoinuliwa juu ya rafu na kufungwa kwa vyuma, pazia zito mlangoni ili mwanga usiingie na wasiolipa wasione, na jenereta inayounguruma nje ikiwa imefungwa mnyororo. Kando ya mlango kuna ubao. Juu yake, kwa chaki, yameandikwa majina ya filamu za mchana, mechi za jioni, saa na kiingilio. Ubao huo ulifanya kazi yote ya ratiba ya kwenye kioo na ukaizidi kwa jambo moja: aliyeuandika alikuwa ameshafanya hesabu ya saa. Mechi ya Uingereza inayoanza Jumamosi 15:00 kwa saa ya London inaangukia 17:00 Goma majira ya baridi, na 16:00 majira ya joto. Ulaya hubadili saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na Goma haibadili. Mwenye kibanda aliyesahau jambo hilo alijaza chumba watu waliokuta kipindi cha kwanza kimekwisha, na hao hawakukosa kudai fedha zao. Kwingine kazi hiyo ilikuwa ya kampuni iliyokusanya ratiba. Mjini Goma iliendeshwa kwa chaki, kitambaa cha kufutia na hofu ya kupoteza wateja.

Kibanda kilikuwa pia ghala. Kaseti za VHS zilifika kwa malori na mabasi kutoka Kampala na Nairobi, kwa ndege kutoka Kinshasa na Ulaya, na kwa miguu kupitia mpaka wa Petite Barrière kutoka Gisenyi, Rwanda. Tamasha ambazo wanamuziki wa Congo walizifanya katika ukumbi wa Bercy jijini Paris, Koffi Olomidé na Werrason mwaka 2000 na JB Mpiana mwaka 2001, ziliangaliwa na watu ambao hawakuwahi kuziona zikirushwa moja kwa moja na stesheni yoyote. Waliziona kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa, rangi zikiwa zimechuja na sauti ikiyumba. Kunakili huko ndiko kulikokuwa kurekodi kwa mji. Kisha, tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilishuka hadi katikati ya mji na kufika Ziwa Kivu, ikafunika takriban asilimia 13 ya Goma na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Sehemu kubwa ya eneo la biashara ilizikwa, na maduka na vibanda vilivyokuwa njiani havikubaki na kaseti wala deki. Biashara zilipofufuka juu ya mawe meusi, dunia ilikuwa imeshaingia zama za diski, na mji uliojengwa upya ukaanza upya na vidio CD na DVD.

Diski zilileta mambo mawili yaliyobadilisha kazi. La kwanza ni wingi. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ambazo kwa ubora wa filamu ya dukani hutosha saa mbili hivi, lakini filamu zikiminywa vizuri diski moja inameza kumi, hata ishirini. Diski za mkusanyiko, zenye picha ndogondogo za waigizaji zilizobanana kwenye karatasi ya juu, zikawa kitu cha kawaida sokoni Virunga na Birere: filamu zote za mwigizaji mmoja, mfululizo mzima wa tamthilia, mieleka ya mwaka mzima. La pili ni lugha. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili ya filamu. Kampala ilikuwa na watafsiri wake wa Kiganda. Rwanda ilikuwa na filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda, zinazoitwa agasobanuye. Goma imekaa pale njia hizo zinapokutana. Filamu za Tanzania, hasa katika miaka ya mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilifuata njia ileile ya lugha hadi Kivu bila kuhitaji stesheni ya kuzirusha. Hakuna ratiba ya kielektroniki ya wakati ule ambayo ingemletea mtazamaji wa Goma filamu ya Hong Kong iliyosimuliwa kwa Kiswahili. Mchuuzi alimletea.

Hatua ya tatu ndiyo inayofanana zaidi na deki ya diski ngumu. Ni duka dogo lenye kompyuta moja au mbili, mara nyingi likiwa limechanganyika na kazi ya kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kuchaji simu. Kompyuta ina mafaili yaliyopangwa kwa majina: Bongo, Nigeria, Kihindi, Kifilipino, Injili, klipu za muziki, katuni za watoto. Mteja anatoa fulashi au kadi ya simu, anasema anachotaka, anasubiri mstari wa kunakili ujae, analipa, anaondoka. Tazama kinachotokea mteja anapofuatilia tamthilia ndefu. Mjazaji anakumbuka kwamba mama yule aliishia sehemu ya 14, anampakia ya 15 hadi ya 20, na kumwambia nyingine zitafika Ijumaa. TiVo iliwauzia Wamarekani uwezo wa kuagiza msimu mzima urekodiwe wenyewe, sehemu baada ya sehemu, na ikausifu kama uvumbuzi mkubwa. Kazi hiyohiyo kijana wa dukani Goma aliifanya kwa kumbukumbu yake. Diski ngumu ilikuwepo, ratiba ilikuwepo, na agizo la kurekodi lilikuwepo. Tofauti ni kwamba diski moja ilihudumia mtaa mzima, na duka hilo lilihitaji umeme wa saa chache tu kwa siku ili kuwapa watu mia vitu vya kuangalia.

Kuna atakayesema kwamba hapa umaskini unavishwa nguo za ubunifu: watu walikwenda kibandani kwa sababu hawakuwa na televisheni, na wangekuwa na fedha wangenunua deki na kukaa kwao. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, na haifai kulipuuza. Hakuna anayependa benchi lisilo na egemeo. Lakini umaskini peke yake haufafanui kila kitu. Goma imekuwa na matajiri tangu zamani: wafanyabiashara wa madini, wa mafuta na wa maharage, pamoja na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa walioleta majenereta makubwa na dekoda za kulipia. MultiChoice ya Afrika Kusini ilitoa dekoda yake ya kwanza ya kurekodi mwaka 2005, na aliyekuwa na fedha aliweza kuipata. Tajiri huyo alipata ratiba, alipata diski, alipata picha safi. Hakupata filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili, hakupata tamasha la Bercy, hakupata sehemu ya 15 ya tamthilia aliyoikosa wakati jenereta lilipoishiwa mafuta. Kwa vitu hivyo alimtuma mtoto sokoni kama jirani yake. Mashine ya mwenye nacho ilirekodi kile ambacho wengine waliamua kurusha. Soko lilitunza kile ambacho watu wa mji walitaka kuona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hiyo biashara ni wizi. Sheria ya haki za waandishi ya nchi hii ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na tangu 2011 kuna shirika la SOCODA linalopaswa kukusanya haki za wasanii. Kuuza nakala bila idhini kulikatazwa wakati wa kaseti, wakati wa diski, na kunakatazwa leo. Marekani kwenyewe, ambako makampuni ya filamu yaliishtaki Sony kwa sababu ya Betamax, Mahakama ya Juu iliamua Januari 1984, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukiangalia baadaye ni halali. Uamuzi huo ulimlinda mtu anayerekodi kwa ajili yake mwenyewe. Haukumlinda anayenakili kwa ajili ya soko. Kwa hiyo siwezi kuliosha duka la fulashi kwa maji ya Betamax. Mwanamuziki wa Goma au mwigizaji wa Dar es Salaam aliyeona kazi yake ikiuzwa bila kupata hata faranga moja alidhulumiwa, na ukosefu wa maduka halali haumfidii. Ninachosema ni kidogo kuliko utetezi: kwamba haki ya kuangalia kwa wakati wako, iliyotambuliwa na majaji wa Washington, ilifikiria nyumba yenye umeme, mashine na stesheni inayotimiza ratiba. Pale ambapo nyumba hiyo haikuwepo, haja ileile ilitimizwa barabarani, na barabarani kila kitu kina bei. Sheria inayoona kosa bila kuiona haja itaendelea kuchoma diski hadharani na kuzikuta zimerudi kesho yake.

Pingamizi la tatu linasema yote haya ni historia iliyokwisha: simu imefuta kibanda, diski na fulashi, na ratiba haina maana kwa kizazi kinachofungua vidio kikipenda. Kuna vibanda vilivyofungwa, ni kweli. Hata hivyo, vidio ya mtandaoni inakula vifurushi, na mwenye kifurushi kidogo bado anapendelea kupakiwa kumbukumbu ya simu dukani kwa bei anayoijua kuliko kuhesabu megabaiti zinazoyeyuka. Mechi kubwa bado zinaangaliwa kwa pamoja, kwa sababu dekoda ya kulipia ni ghali na mpira bila kelele za wenzako haunogi. Mfano mzuri ni filamu ya "Virunga" ya Orlando von Einsiedel. Sehemu ya filamu hiyo inaonyesha M23 walipoingia Goma mwaka 2012, na Netflix waliitoa Novemba 2014. Ili mkazi wa Goma aione filamu hiyo kupitia Netflix alihitaji intaneti ya kasi na kadi ya benki inayokubalika nje ya nchi, ili aangalie barabara za mji wake mwenyewe. Vyombo vimebadilika, na masharti ya chini yamebaki yaleyale: umeme, fedha, na mtu wa katikati anayejua kitu kiko wapi.

Filamu hiyo inatufikisha kwenye kasoro halisi ya utaratibu huu, kasoro ambayo wapinzani wake hawaitaji. Soko lilihifadhi kinachouzika. Kung-fu iliuzika, tamthilia iliuzika, mahubiri yaliuzika. Taarifa ya habari ya stesheni ya mji, mjadala wa wakulima wa Masisi, hotuba ya chifu, mchezo wa kuigiza wa shule, mechi ya DC Virunga uwanja wa Unité: hivyo havikuwa na mnunuzi wa kesho, na mjazaji wa fulashi anayetaka nafasi kwenye diski yake hufuta kwanza kisichoulizwa. Deki ya sebuleni, pamoja na uvivu wake wote, ilihifadhi hata vitu visivyo na bei. Familia za Ulaya na Marekani zimekutwa na makasha ya kanda zenye habari za mitaa yao ambazo stesheni zenyewe zilizifuta, na wanahistoria wamezishukuru. Goma haikuwa na makasha hayo. Picha za Goma zilizo nyingi zaidi zilipigwa na wageni. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu katika siku chache na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu, mitambo ya satelaiti ya televisheni za dunia ilikuwa hapo uwanja wa ndege. Ilirekodi, ikarusha, ikaondoka na kanda zake. Ndivyo ilivyokuwa pia 2002 na 2012. Mji ambao umerekodiwa sana na wengine umejirekodi kidogo, na biashara iliyojua vizuri kutunza filamu za Hong Kong haikupata sababu ya kuutunza mji wenyewe.

Wapo walioliona pengo hilo mapema. Yole!Africa, kituo cha sanaa kinachohusishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana wa Goma kushika kamera tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na tamasha lake la filamu limeonyesha kazi za wenyeji kwa wenyeji. Kazi hiyo inathibitisha kwamba wa kurekodi wapo. Kinachokosekana ni wa kutunza, na hapo biashara ya fulashi ina la kutoa kuliko taasisi nyingi, kwa kuwa tayari ina diski, ina ujuzi wa kupanga mafaili, na inaaminiwa na mtaa. Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa wenye maduka hayo, kwa wapiga picha za harusi na misiba, kwa mafundi wa redio na televisheni za mji, na kwa yeyote mwenye kaseti ya zamani chini ya kitanda. Kabla ya kufuta, nakilini. Andikeni tarehe, mtaa, lugha na majina ya wanaozungumza. Wekeni nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, moja ikiwezekana nje ya mji, maana Goma ina volkano na ina vita. Mji uliojifunzia sokoni kuhifadhi vya wengine unaweza kuhifadhi vyake, na gharama yake ni nafasi ya gigabaiti chache kwenye diski ambayo tayari ipo.